WANAOLALA NJE NA UGONJWA WA PRESHA: JUKUMU LETU SISI FAMILIA ZA KIISLAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim



 

Kila Ijumaa tunapotoka kuswali, iwe Old Kampala, Nakasero, Kibuli au katika misikiti yetu midogo ya mitaani, tunawakuta wamekaa mlangoni. Wako wazee, wako akina mama wenye watoto, wako vipofu na viwete, na wako watu wazima wenye nguvu zao ambao kazi zimewashinda kupata. Tunatoa shilingi 500 au 1,000, tunaombewa dua, tunakwenda zetu kula pilau. Sadaka hiyo ni njema na tunamuomba Allah aikubali. Lakini wengi wa watu hawa usiku hawana pa kwenda. Wanalala kwenye vibaraza vya maduka, pembeni mwa mtaro wa Nakivubo, Kisenyi, Owino na katika vituo vya teksi. Miongoni mwao wako wagonjwa ambao ugonjwa wao hauonekani kwa macho.

Leo tunataka kuzungumzia ugonjwa mmoja tu, nao ni presha, au puleesa kama tunavyosema hapa Kampala. Rai yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo ili msomaji asitutafute. Tunasema kwamba msikiti una uwezo wa kumpima presha mtu anayelala nje, kumtunzia dawa yake na kumfikisha hospitali, na kwamba uwezo huo tunao leo, bila ya kungoja mfadhili kutoka nje. Na tunasema pia kwamba yale masharti ya barua na vitambulisho tuliyoyaweka katika kamati zetu za misaada yanamfungia mlango yule yule ambaye mlango huo ulifunguliwa kwa ajili yake.

PRESHA NI NINI HASA?

Damu inasukumwa na moyo kupitia katika mishipa, na inaposukumwa inakandamiza kuta za mishipa hiyo. Mkandamizo huo ndio presha, au shinikizo la damu. Kila mtu anayo. Inakuwa ugonjwa pale inapokaa juu siku zote. Madaktari wengi wanahesabu kwamba mtu mzima ana presha ya juu ikiwa namba ya juu inafika 140 au zaidi, au namba ya chini inafika 90 au zaidi, na vipimo hivyo vikarudiwa siku tofauti vikabaki hivyo hivyo.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayapigi hodi. Watu wengi wanadhani kuwa mwenye presha lazima aumwe kichwa au asikie moyo unadunda. Si kweli. Mtu anaweza kuwa na presha kubwa miaka kumi asisikie chochote, huku mishipa yake inaharibika, moyo wake unapanuka kwa kazi nzito na figo zake zinachoka. Siku ya kwanza kujua inaweza kuwa siku anayoanguka na kiharusi, mkono na mguu wa upande mmoja vikapooza na ulimi ukawa mzito.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.3 duniani wana presha ya juu, karibu nusu yao hawajui, na katika kila watano ni mmoja tu ambaye presha yake imedhibitiwa. Hapa Uganda, uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa.

Basi tuache kabisa ule usemi kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri na wenye vitambi. Kama ni mmoja katika wanne miongoni mwetu sisi tunaolala kwenye magodoro, tutegemee nini kwa anayelala juu ya boksi?

BARABARANI PRESHA INAPANDA VIPI?

Tuangalie maisha ya mtu asiye na makazi saa ishirini na nne, tutaona kwamba karibu kila kitu kinachopandisha presha anacho.

Kwanza ni usingizi. Presha ya mtu mwenye afya hushuka usiku anapolala, na huo ndio mapumziko ya moyo na mishipa. Anayelala nje halali hivyo. Anaamka kila mara kwa mvua, kwa kelele, kwa kuogopa mwizi, kwa kuogopa askari. Wengine wanalala wamekaa, miguu ikining'inia, na asubuhi imevimba. Mwanamke aliye peke yake ndio kabisa, usiku anakesha na mchana anasinzia.

Pili ni hofu yenyewe. Mwili ukikaa na hofu muda mrefu unamwaga homoni zinazofanya moyo ukimbie na mishipa ikaze. Baridi nayo inabana mishipa, na Kampala wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, na zile za mwisho wa mwaka, usiku wake si wa mchezo kwa mtu mwenye nguo moja iliyolowana.

Tatu ni chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Asiye na jiko hawezi kupanga chumvi yake. Anakula anachopata: chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, kikomando cha chapati na maharage, supu ya mwisho wa sufuria. Matunda na mboga anazipata zikitupwa sokoni. Na sisi tunaotoa sadaka tunachangia hapa, maana tunapeleka sambusa, soseji na mabaki ya shughuli, na kila kimoja kina chumvi na mafuta tele.

Nne ni pombe, sigara na vitu vya kunusa. Hatutaki kuficha. Wako wanaokunywa waragi ili walale wasisikie baridi, na wako watoto wanaonusa gundi na mafuta ya ndege ili wasisikie njaa. Pombe nyingi inapandisha presha, na vitu hivyo vya kunusa vinaweza kuutia moyo matatizo ya ghafla. Ni haramu na ni madhara, hilo halina mjadala. Lakini mgonjwa akiwa mlevi hatoki katika kuwa mgonjwa. Daktari Mwislamu hamwachi mlevi afe kwa kiharusi kwa sababu alikunywa, na jirani Mwislamu pia asifanye hivyo.

KIDONGE KINAPOTEA WAPI?

Hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yetu. Wengi watasema, hospitali za serikali zipo, na ada ziliondolewa tangu mwaka 2001, basi waende huko watibiwe bure. Ni kweli ada ziliondolewa, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Lakini tumfuate mgonjwa wetu hatua kwa hatua.

Anafika asubuhi kwenye kituo cha afya. Anaambiwa anunue daftari la kuandikiwa. Anaulizwa anakaa wapi, hana jibu. Anaulizwa Ndaga Muntu, iliibiwa pamoja na mfuko wake. Mara nyingine anaandikiwa dawa ambayo siku hiyo haipo dirishani, anaambiwa akanunue nje. Tuseme amepata bahati, dawa ipo, anapewa vidonge vya mwezi mmoja. Sasa avitie wapi?

Sisi tunaviweka kwenye kabati au juu ya friji. Yeye ana kaveera moja. Ndani ya kaveera hiyo kuna nguo, kikombe, labda msala, na sasa kuna na dawa. Mvua ikinyesha, vidonge vinayeyuka. Akisinzia, kaveera inachukuliwa. Akifukuzwa ghafla usiku, anakimbia na roho yake tu. Kuna mzee mmoja ambaye tulimzoea nje ya msikiti wetu. Alikuwa anaandikiwa dawa za presha kila alipokwenda kliniki, na kwa mwaka mzima hakuwahi kuzimaliza za mwezi hata mara moja. Mara mbili ziliibiwa, mara moja zililowana, na mara nyingine alikamatwa akazunguka, akarudi mikono mitupu. Kwenye kadi yake mtu aliandika kwamba mgonjwa hafuati matibabu. Angezifuata vipi?

Tena dawa zenyewe zina mambo yake. Baadhi ya vidonge vya presha ni vya kukojoza, vinatoa maji na chumvi mwilini kwa njia ya mkojo. Ni dawa nzuri na za bei nafuu. Lakini mtu asiye na choo, katika mji ambao vyoo vingi ni vya kulipia, akimeza kidonge hicho asubuhi atakwenda haja mara ngapi na kwa pesa gani? Akijisitiri ukutani anatukanwa au anashikwa. Basi anaacha kumeza, na sisi tunamwita mkaidi. Dawa nyingine, kama amlodipini, inamezwa mara moja kwa siku na wala haimkimbizi mtu chooni, ingawa huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Na ziko nyingine ambazo ni hatari kuziacha ghafla, kwa sababu presha hurudi kwa kasi. Kwa hiyo ni lazima daktari ajue kwamba mgonjwa huyu analala nje ili amchagulie inayomfaa. Mgonjwa mwenyewe anaona haya kusema. Anahitaji mtu wa kwenda naye na kusema kwa niaba yake.

Mwenye kisukari pamoja na presha, kama walivyo wengi, mambo yanakuwa mazito zaidi. Insulini inataka mahali pa baridi na sindano safi, na mwenye sindano barabarani anadhaniwa ni mvuta madawa.

Tafiti zilizofanywa Marekani na Kanada kuhusu watu wasio na makazi zimeonyesha jambo hili hili: tofauti kubwa baina yao na watu wengine haiko sana katika nani ana presha na nani hana, iko katika nani presha yake imetulizwa. Ugonjwa ni ule ule tulio nao sisi. Wanachokosa ni kabati, choo, usingizi na mtu wa kuwaulizia.

KUHUSU KUKAMATWA

Tumetaja kukamatwa, na tusipite haraka. Kwa miaka mingi nchi zetu zilibaki na sheria za kikoloni za uzururaji, ambazo mtu alishikwa kwa sababu tu anaonekana hana kazi wala makao. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Na hapa kwetu, Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vya uzururaji katika sheria ya makosa ya jinai.

Tunayataja haya kwa sababu afya na sheria zinashikana. Kila mara mtu anapozolewa usiku, matibabu yake yanakatika. Ni vizuri wazazi na wanafunzi wajue kwamba kulala nje kwa umasikini si jinai, na kwamba tukiona mgonjwa anachukuliwa tunayo haki ya kuuliza kwa adabu anapelekwa wapi na kusema kwamba ana dawa za kumeza.

MSIKITI WA MTUME (S.A.W.) ULIKUWA NA WASIO NA MAKAZI

Wako ndugu ambao wanakereka kuwaona masikini msikitini. Wanasema wanachafua, wananuka, wanatuharibia sura mbele ya wageni. Tunawaomba ndugu hao warudi Madina kwa fikra zao.

Katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) palikuwa na sehemu iliyoezekwa iliyoitwa Suffa. Hapo waliishi watu waliohama bila mali, bila jamaa na bila nyumba, nao wakajulikana kama Ahlus Suffa. Abu Hurayra (r.a.), ambaye leo hakuna darsa linalopita bila kutajwa jina lake, alikuwa mmoja wao. Amesimulia katika Sahihi Bukhari jinsi alivyokuwa akizidiwa na njaa, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoletewa zawadi ya maziwa akamwambia awaite watu wa Suffa wote. Wakanywa mmoja baada ya mmoja mpaka wakashiba, kisha akanywa Abu Hurayra, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe akanywa mwisho. Watu wasio na nyumba walitangulia, na mbora wa viumbe akawa wa mwisho.

Tena Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) habari ya mwanamke mmoja aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akaja Madina akasilimu, na akawa na hema lake dogo ndani ya msikiti. Alikuwa akienda kuzungumza na Bibi Aisha. Huyu ni mwanamke asiye na kwao, anakaa msikitini, na mke wa Mtume anakaa naye anamsikiliza.

Na matibabu je? Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa mshipa wa mkono katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliamuru apigiwe hema msikitini ili awe karibu naye na amtembelee. Bibi Rufaida (r.a.) anatajwa na wanahistoria kuwa ndiye aliyekuwa akitibu majeruhi katika hema lake hapo. Kwa hiyo kutibu mgonjwa katika eneo la msikiti si uzushi wa siku hizi. Baadaye Waislamu walijenga hospitali kubwa kwa mali ya wakfu, kama ile ya Sultani Qalawun pale Cairo katika karne ya 13, iliyofunguliwa kwa tajiri na masikini, mwanamume na mwanamke. Sisi tunaulizwa mashine moja ya kupimia presha na kabati lenye kufuli.

LA KUOSHA MIGUU

Kuna kisa kutoka Marekani ambacho tunaona kina mafunzo. Mwaka 1985 katika mji wa Boston ulianzishwa mpango wa kuwatibu watu wasio na makazi, na daktari kijana aitwaye Jim O'Connell akapelekwa huko. Alikuja na kipimo chake cha kusikilizia moyo, tayari kuanza kazi. Wauguzi waliokuwa wakiwahudumia watu hao kwa miaka, wakiongozwa na muuguzi Barbara McInnis, walimwambia akiweke pembeni kwanza, achukue beseni na aanze kuwaosha watu miguu. Alikubali. Kwa kuosha miguu alijifunza majina yao, akaona vidonda na uvimbe wao, na wao wakamzoea mpaka wakakubali kutibiwa. Yeye na wenzake walikaa katika kazi hiyo kwa miongo kadhaa.

Ndugu zetu, sisi tuna mahali pa kutawadhia katika kila msikiti. Pana maji, pana viti vya saruji, na kila siku mara tano watu wanaosha miguu hapo. Miguu iliyovimba ni moja ya alama za moyo uliochoka na figo zilizochoka. Anayetawadha pembeni yako akiwa na miguu iliyovimba hadi kwenye magoti, na wewe ukaona ukanyamaza, umemuona mgonjwa ukampita.

WANAOPINGA WANA HOJA

Tumezungumza na baadhi ya wazee wa kamati, nao wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Wanasema wako matapeli. Ni kweli, wapo. Lakini hakuna tapeli anayekuja kudanganya ili apimwe presha. Mashine inasema namba, na kidonge cha presha hakina soko la kuuzia kama mchele. Wizi tunaouogopa katika kugawa fedha haupo sana katika kutibu.

Wanasema tena kwamba lazima mtu alete barua ya mwenyekiti wa LC1 ili ajulikane. Kwa mwenye nyumba ni sawa. Kwa anayelala kibarazani, ni LC1 ya wapi? Tukimtaka mtu asiye na kijiji alete barua ya kijiji, tumemwambia kwa upole kwamba asirudi. Allah (s.w.) katika Suratut Tawba ametaja makundi manane ya wanaopewa zaka, akaanza na mafakiri na masikini na akamtaja na msafiri aliyekatikiwa njiani. Hakutaja barua. Imamu na waumini wawili wanaomuona mtu kila siku wanatosha kuwa mashahidi wake.

Wengine wanasema hii ni kazi ya serikali. Naam, ni kazi ya serikali, na tuendelee kuidai. Serikali ihakikishe dawa za presha hazikatiki katika vituo vya afya, kwa sababu kumtibu mgonjwa wa presha kwa kidonge kimoja kwa siku ni rahisi mno kuliko kumsafisha damu kwa mashine wiki baada ya wiki figo zikishakufa. Lakini madai yetu kwa serikali hayatatujibia siku ya Kiyama. Iko hadithi mashuhuri aliyoipokea Imamu Muslim, inayoeleza kwamba Mola atamuuliza mja kuhusu mgonjwa ambaye hakumtembelea, na mwenye njaa ambaye hakumlisha. Swali hilo haliendi wizarani. Linakuja kwa mja mwenyewe.

TUNAPENDEKEZA NINI?

Tunapendekeza mambo machache ambayo msikiti wa kawaida unaweza kuyaanza mwezi huu inshaAllah.

1. Mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, inunuliwe kwa sadaka ya kawaida au iwekwe wakfu. Ipimwe kila Ijumaa baada ya swala. Mpimwaji akae dakika tano ametulia, ameegemea, miguu iko chini, mkono umepumzika usawa wa moyo, na asiwe ametoka kunywa chai ya rangi au kuvuta sigara. Apimwe mara mbili. Upande wa wanawake wapimwe na wanawake wenzao.

2. Liwepo kabati dogo lenye kufuli katika ofisi ya imamu au ya madrasa. Kila mgonjwa awe na bahasha yake yenye jina na dawa zake alizoandikiwa na daktari. Anapokuja Alfajiri au Adhuhuri anapewa kidonge chake na maji. Dawa za mtu mmoja asipewe mwingine hata kama namba zao zinafanana.

3. Wapatikane watu wawili au watatu wa kumsindikiza mgonjwa kliniki, wakamsemee kwamba analala nje, na wabaki na nakala ya kadi yake. Namba zikiwa 180 kwa 120 au zaidi, hasa akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona giza, kupooza au kushindwa kusema, hapo hapo apelekwe hospitali kwa boda boda au gari lolote. Asingojeshwe Jumatatu.

4. Choo cha msikiti kisifungwe baina ya swala na swala, au ufunguo wake awepo mtu wa kuutoa. Hili halina gharama kubwa na lina thawabu kubwa.

5. Chakula cha sadaka kipikwe kwa chumvi kidogo. Badala ya soseji na chipsi, tupeleke matoke, maharage, mboga, ndizi mbivu na maji. Ramadhani pia tuwakumbushe wagonjwa kwamba Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na wamuulize daktari na sheikh kabla ya kuacha dawa kwa ajili ya swaumu.

6. Kuhusu zaka, tuwaulize masheikh wetu. Tunavyofahamu, zaka inamilikishwa mwenyewe anayestahiki, kwa hiyo dawa ya fakiri inaweza kutoka humo ikawa mali yake, na vifaa vya wote kama mashine na kabati vitoke katika sadaka na wakfu.

KWA WANAFUNZI NA WAZAZI

Wanafunzi wetu wa uuguzi, utabibu na famasia mna nafasi ya pekee. Saa mbili za Ijumaa zinatosha. Mtajifunza kupima watu ambao hawamo katika vitabu vyenu, na mtamtumikia Allah kwa elimu aliyowapa. Wasiosoma mambo ya afya nao wana kazi, kuna kuandika daftari, kusindikiza, kutafsiri kutoka Luganda, Kiswahili, Kikaramoja au Kinyarwanda, na kukaa tu na mtu akazungumza.

Wazazi, tuwachukue watoto wetu. Mtoto aliyezoea kumuona baba yake anarusha sarafu bila kutazama uso atakua akifanya vivyo hivyo. Mtoto aliyemuona mama yake anamuuliza bibi wa mlangoni, "Umeshameza dawa leo, jjajja?" atakua na moyo mwingine. Na tusisahau kupima presha zetu wenyewe. Ni aibu kumpima jirani na baba wa nyumbani hajapimwa tangu aoe.

Ndugu zetu wa Nyamirambo kule Kigali na Buyenzi kule Bujumbura, nyinyi mnaoijua misikiti yenu na watu walioko milangoni kwenu, kama mlikwisha kuanza jambo kama hili tuandikieni tujifunze. Kama bado, tuanze pamoja.

Suratul Maun ni fupi na karibu kila mtoto wa madrasa anaihifadhi. Imewaonya wanaoswali huku wanazuia hata misaada midogo. Kuzifungua shubaka za kabati, kutoa kikombe cha maji na kidonge kimoja kila asubuhi, ni katika misaada midogo hiyo. Tusiizuie.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, walio majumbani na walio vibarazani, awape makazi wasio na makazi, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mazuri zaidi. Aamin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.